Kirkus Indie: dola 450 zinamnunulia nini mwandishi anayejichapishia?

Mwandishi anayejichapishia kwa Kiingereza kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala hufika siku moja kwenye ukuta uleule. Kitabu kimeshapanda Amazon, jalada limekaa sawa, lakini ukurasa wake uko mtupu, hakuna mtu mwingine aliyekisemea neno. Hapo ndipo anapoanza kutafuta uhakiki wa kulipia, na jina linalojirudia kuliko yote ni Kirkus Indie.

Jina hilo lina uzito wa kweli. Jarida la Kirkus Reviews lilianzishwa mwaka 1933 na Virginia Kirkus, na hadi leo wakutubi na wenye maduka ya vitabu Marekani hulitazama wanapoamua wanunue nini. Vitabu vya mashirika ya uchapishaji huhakikiwa humo bila malipo. Mwandishi huru yeye hupitia kitengo cha Indie, na hulipa. Bei ya kawaida ni karibu dola 450. Ukihesabu dola kwa shilingi 129 za Kenya, hiyo ni kama 58,000. Uhakiki huchukua wiki 7 hadi 9, na anayeutaka mapema huongeza zaidi ya dola 100. Wanapokea kitabu kilichokwisha kutoka na mswada ambao bado haujatoka.

Kinachorudi ni maandishi mafupi, maneno 250 hadi 300 hivi, yasiyo na jina la mhakiki. Umbo lake karibu halibadiliki. Sentensi moja ya kutambulisha kitabu, kisha muhtasari wa hadithi au hoja, ambao hula nafasi kubwa kuliko yote. Baada ya hapo huja aya ya tathmini: lugha ikoje, wahusika wana uhai au hawana, mwendo wa hadithi unakwenda au unakokota. Mwisho kabisa kuna sentensi moja ya hukumu, iliyotengwa peke yake. Mwandishi anunuapo huduma hii, hasa ananunua sentensi hiyo ya mwisho na mistari miwili mitatu ya aya ya tathmini. Muhtasari hauna kazi kwenye jalada la nyuma, kwa sababu mwandishi ameshaandika wake.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifahamu kabla ya kulipa: fedha haziamui maneno. Mhakiki yuko huru kusema kitabu ni dhaifu, na husema. Kinga anayopewa mwandishi ni kuusoma uhakiki kwanza, halafu aamue utolewe hadharani au ubaki siri. Akiuficha, hakuna atakayeujua, ila dola hazirudi. Jina la mhusika likikosewa, au mji ukihamishwa nchi, omba kosa lirekebishwe. Maoni hayabadilishwi, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Uhakiki unaoweza kuhaririwa na mwenye kitabu ni tangazo tu.

Fanya hesabu kabla ya kutoa kadi ya benki. Chukua kitabu pepe cha dola 2.99, ambacho mgawo wa mwandishi ni asilimia 70, chenye faili la megabaiti 1. Amazon hutoa kwanza senti 15 za kusafirisha faili, zinabaki dola 2.84, na asilimia 70 yake ni dola 1.99. Kenya, Tanzania na Uganda hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo mrabaha, yaani malipo ya mwandishi, wa mauzo ya Marekani hukatwa asilimia 30. Mfukoni inaingia dola 1.39. Ili kurudisha dola 450 unahitaji kuuza nakala 324, na hizo ziwe nakala zilizouzwa kwa sababu ya uhakiki, juu ya zile ambazo zingeuzwa vyovyote vile. Uhakiki peke yake hauuzi nakala 324. Unafungua mlango kwa mkutubi, mwandaaji wa tamasha au mwandishi wa habari, na mwandishi asiyekuwa na mpango wa kuwagongea watu hao ameshapoteza.

Mambo yanaharibikia wapi? Kwa sehemu kubwa, yanaharibikia kabla ya kutuma. Wengi hutuma mswada uliosomwa na rafiki mmoja, wakitarajia mhakiki atazame "hadithi yenyewe". Mhakiki husoma alichopewa. Nukuu zisizofungwa, jina la mhusika lililo na tahajia mbili na nyakati zinazorukaruka huishia kwenye aya ya tathmini, na sentensi moja kuhusu uhariri duni inatosha kuua zile nzuri tatu. Mlipe mhariri kwanza. Ikiwa fedha zinatosha kitu kimoja tu, zimwendee mhariri bila kusita.

Kosa la pili ni la aina ya kitabu. Kwenye fomu unachagua kundi, na kundi ndilo linaloelekeza kitabu kimwendee msomaji wa namna gani. Tawasifu iliyopambwa kwa mazungumzo ya kubuni ikiingizwa kama riwaya, itahukumiwa kwa muundo wa riwaya na kuonekana haina kilele. Riwaya ya upelelezi iliyopelekwa kama fasihi ya jumla itaambiwa inategemea mno mafumbo. Umbo la uhakiki nalo haliwafai wote sawa. Historia, siasa na tawasifu hufaidika sana, maana muhtasari mzuri wa hoja ni sifa tosha. Diwani ya mashairi hufaidika kidogo: hakuna muhtasari wa mashairi 60 unaoeleza chochote. Kitabu cha picha cha kurasa 32 kinahitaji mzazi akione, si akisome kimeelezwa.

Tatu, na hili linawagusa hasa waandishi wa kwetu, ni Kiswahili kilichomo ndani ya Kiingereza. Mhusika anayejifunga leso kiunoni kabla ya kuinua ndoo ataeleweka na msomaji wa Chicago bila maelezo, kwa kuwa kitendo chenyewe kinaonyesha leso ni nini. Lakini mhusika "aliyepiga moyo konde", akihamishiwa Kiingereza neno kwa neno, ataonekana amejitwanga ngumi kifuani. Pitia mswada ukitafuta sehemu za namna hiyo tu. Usiongeze faharasa ya kurasa nne; rekebisha sentensi ili kitendo kijieleze.

Kosa la mwisho ni kuchelewa. Kitabu kikipangwa kutoka tarehe 1 Desemba, mswada utumwe mwanzoni mwa Agosti. Uhakiki ukija mwanzoni mwa Oktoba, kuna wiki nane za kuweka ile sentensi kwenye jalada na kuwaandikia maktaba. Kitabu pepe hubadilishwa wakati wowote, lakini nakala 500 zilizokwisha kutoka kwa mchapaji haziongezwi mstari.

Uhakiki ukiwa mzuri, uweke mahali panapostahili. Kwenye Amazon unaingizwa kupitia akaunti ya mwandishi, sehemu ya Author Central, katika kisanduku cha hakiki za wahariri. Usimwombe mtu aubandike kama maoni ya mnunuzi: Amazon hairuhusu maoni ya wanunuzi yaliyolipiwa, wala ya ndugu na marafiki wa karibu, na huyafuta. Unapokata dondoo, kata kwa uaminifu. Kama mhakiki aliandika kwamba riwaya ina mandhari ya kuvutia lakini inakokotwa na mazungumzo marefu, kubakiza "mandhari ya kuvutia" peke yake ni kumdanganya msomaji, naye anaweza kuusoma uhakiki wote kwa kubofya mara moja.

Kuna tunda moja la juu zaidi. Vitabu vinavyopewa nyota ya Kirkus, alama ya vitabu bora zaidi, hata vya Indie, huingia moja kwa moja kwenye kinyang'anyiro cha Tuzo ya Kirkus iliyoanza mwaka 2014, ambayo ni dola 50,000 kwa kila mshindi. Nyota ni adimu. Usilipe kwa kuitumaini.

Kwa hiyo nani alipe? Mwenye kitabu cha Kiingereza kilichohaririwa na mtaalamu, anayelenga maktaba na wasomaji wa Marekani, na aliye na orodha ya watu wa kuwapelekea uhakiki huo. Huyo atapata thamani yake, hasa akiwa na historia, tawasifu au riwaya yenye hadithi iliyoshikana. Wengine waanze na milango ya bei nafuu. Tovuti ya uhakiki ya Reedsy Discovery huomba karibu dola 50. Nyingine, Readers' Favorite, ina uhakiki wa bure, lakini haitoi hadharani chini ya nyota 4, na wasomaji wazoefu wanalijua hilo, kwa hiyo sifa yake ni nyepesi.

Mwandishi wa Kiswahili asipeleke dola huko kabisa, kwa kuwa Kirkus Indie haihakiki vitabu vya Kiswahili. Njia yake ni nyingine. Kurasa za fasihi za Taifa Leo zinawafikia walimu na wanafunzi, ambao ndio wanunuzi wakubwa wa vitabu vyetu. Mswada ambao haujatoka unaweza kuingia kwenye tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na kwa Tanzania kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa washindi wake wa kwanza mwaka 2023. Anayetaka uhakiki gazetini atume nakala ya karatasi, si faili tupu, pamoja na ukurasa mmoja wenye ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu), idadi ya kurasa, bei na mahali kitabu kinapopatikana. Mhariri anayelazimika kupiga simu kuuliza bei kwa kawaida hapigi.