Kabla ya Kulipia Samani za Bustani, Pindua Kiti Uangalie Miguu

Benchi langu la kwanza la bustani liliishi miezi kumi na saba. Nililinunua hapa Moshi kwa shilingi 380,000 katika wiki ya kwanza ya Desemba, wakati kila nyumba ya Uchagani inajiandaa kuwapokea ndugu wanaorudi kwa ajili ya Krismasi, na likavunjika mwezi Mei wa mwaka wa pili, masika ikielekea ukingoni, baba mdogo akiwa amelikalia na kikombe cha chai mkononi. Hakuumia, ila chai ilimwagikia kanzu yake ya ibada, na hadi leo akija kwangu anaomba aletewe kiti cha ndani. Nilipolipindua nikakuta mahali pa kukalia pazima, egemeo zima, vanishi bado inang'aa. Lakini mguu wa nyuma wa kushoto, pale ulipokuwa ukigusa nyasi, niliubonyeza kwa kidole gumba na ukucha wote ukazama kama unavyozama kwenye mkate uliochovywa chai.

Tangu siku hiyo sinunui samani ya nje bila kuipindua, na mwongozo huu hautazungumzia rangi, mito wala umbo la mikono ya kiti, kwa kuwa hayo kila mnunuzi huyaona mwenyewe. Nitazungumzia miguu, na hasa unyayo wa mguu, sehemu ambayo muuzaji haionyeshi na mnunuzi haiombi.

Mti ukiwa hai hupandisha maji kutoka mizizini kwa mirija myembamba iliyolala kwa urefu wa shina. Mti ukipasuliwa mbao, mirija hiyo haipotei, bali hubaki wazi pale ubao unapokatwa kwa kukingama. Ndiyo maana upande uliopigwa randa hunywa maji polepole, ilhali ncha iliyokatwa huyanywa kwa kasi kubwa zaidi, na katika mguu wa benchi ncha hiyo ndiyo inayokaa juu ya nyasi zilizolowa. Fundi hupaka vanishi mara tatu kila mahali jicho linapofika, kisha huuacha unyayo kama ulivyotoka kwenye msumeno. Maji yakaingia kwa chini, na vanishi ya ubavuni ikayazuia yasitoke. Ubao ukikaa kwa muda mrefu na unyevu unaozidi kiasi cha asilimia 20, kuvu inayoozesha mbao huanza kazi yake, na mchwa, ambao kwetu hawasubiri mwaliko, huja kuimalizia. Kwa hali ya hewa ya Moshi na Arusha, yenye masika kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuelekea mwisho wa mwaka, mguu usiokingwa hupata nafasi mbili kila mwaka za kulowa kwa majuma mfululizo, na kati yake hupigwa na jua linaloupasua, ili mvua inayofuata ikute nyufa za kupitia.

Ukifika kwa muuzaji, omba kiti kipinduliwe, kisha dondosha tone la maji juu ya unyayo. Likibaki limeviringa kama umande juu ya jani la mgomba, unyayo umezibwa. Likitoweka kabla hujahesabu hadi kumi, hakuna aliyewahi kuugusa. Mimi hutembea na kichupa cha maji kwa kazi hiyo, na muuzaji mmoja wa kando ya barabara alipoona ninavyofanya aliniuliza, "Dada, unanunua kiti au unanunua kwato?" Nilimjibu kwamba nanunua kwato, na kiti kije kama nyongeza. Unyayo pia husema ukweli kuhusu mti wenyewe, kwa sababu rangi ya kahawia wanayopaka ili paini ionekane mtiki mara nyingi haifiki huko. Nimepindua "mtiki" nikakuta unyayo mweupe kama muhogo uliomenywa.

Nikipanga mbao na metali za samani za nje kwa ubora, ninauweka mtiki nafasi ya kwanza bila kusitasita. Watu wa pwani na kamusi huuita msaji, lakini mafundi wengi wa huku watakuelewa upesi ukisema mtiki. Mafuta yake ya asili huufanya ustahimili maji na mchwa, na hautanuki wala kusinyaa sana majira yanapobadilika. Mti huu si wa kwetu kwa asili, uliletwa kutoka Asia wakati wa Wajerumani, lakini Tanzania sasa ina mashamba makubwa, kama vile Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, yanayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ninayoipendelea waziwazi, na hawanilipi hata senti, ni mbao ya KVTC, kampuni iliyoanza kupanda mitiki katika bonde la Kilombero miaka ya 1990. Kilombero ya Morogoro, si soko la Kilombero la Arusha, ambako nimewahi kuelekezwa mara mbili. Napenda kwamba ni mti wa shambani, una karatasi za mahali ulipotoka, na haukukatwa usiku kwenye msitu wa mtu.

Hata hivyo, jina la mtiki pekee halitoshi. Ustahimilivu wote unaosifiwa uko kwenye moyo wa mti, ile sehemu ya rangi ya asali iliyokolea. Ubao mweupe wa pembeni, uliokuwa ukipitisha maji mti ulipokuwa hai, huoza kama mti mwingine wowote. Mitiki iliyovunwa ikiwa michanga ina weupe mwingi, na fundi anayebana matumizi huuficha weupe huo miguuni na chini ya kalio, akiuweka moyo kwenye egemeo ambako utausifu. Nikikuta mguu mmoja kati ya minne una ukanda mweupe unaofika chini, nakataa seti nzima, kwa kuwa aliyefanya hivyo alijua alichokuwa akikifanya.

Nafasi ya pili ni mninga, na ungeweza kushindana na mtiki kama si bei yake na kama si kwamba unatoka kwenye misitu ya asili ya upande wa Tabora na Katavi, ambako mti mmoja huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Ninao mninga ndani ya nyumba. Kuuweka nje unyeshewe mvua, wakati mtiki wa shambani unafanya kazi ileile, naona ni ufujaji.

Ya tatu ni alumini, kwa mtu asiyetaka kabisa habari za kupaka mafuta kila mwaka. Haishiki kutu kama chuma wala mchwa hawaili, lakini usikubali neno la muuzaji kwamba kiti ni cha alumini. Mimi hubeba sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, na viti vile vya kusukwa kwa nyuzi za plastiki, vinavyopendwa sana siku hizi na wenye hoteli, mara nyingi sumaku huvikamata chini ya msuko, maana yake ni chuma kilichovishwa. Chuma cha namna hiyo huanza kutu miguuni kwa ndani: maji huingia chini kwenye bomba, ile raba nyeusi iliyochomekwa miguuni huyafungia humo, na utakapoona alama ya kahawia kwenye sakafu ya baraza, ukuta wa bomba umekwisha kuliwa.

Kwa sababu hiyohiyo samani za chuma za kuchomelea naziweka ya nne, ingawa zinatengenezwa hapahapa mjini na zinaweza kuwa nzuri sana ukisimama na fundi mwenyewe. Mwambie azibe ncha ya kila mguu kwa kipande cha bati nene, achomelee kuzunguka pande zote, ndipo apake redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na rangi ya juu. Kazi hiyo haimalizi dakika tano kwa mguu mmoja, lakini atakulalamikia kana kwamba umemwambia ajenge daraja.

Sipresi kutoka mashamba ya West Kilimanjaro na Rongai ni ya tano, kwa baraza lenye paa na kwa mtu aliye tayari kuihudumia. Paini isiyotiwa dawa nje usiiweke. Viti vya plastiki navyo vipo. Nikihitaji vya kukalisha wageni wa msiba au kipaimara nachukua Kenpoly, navipanga kimoja juu ya kingine stoo shughuli ikiisha, na sina zaidi la kusema juu yake.

Kuhusu utunzaji, kazi kubwa ifanyike kabla samani haijagusa nyasi hata siku moja. Chukua msasa ulainishe unyayo, uache ukauke juani siku mbili tatu, kisha simamisha kila mguu ndani ya kopo lenye mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani), yale yanayouzwa yakiwa tayari yamechemshwa, kina cha vidole viwili, usiku kucha. Asubuhi utaona mafuta yamepungua koponi, na hapo ndipo utakapoelewa mguu huo ungekunywa maji kiasi gani. Futa yaliyobaki, na vitambaa vyenye mafuta hayo usivikunje wala kuvirundika stoo, kwa sababu hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke. Anayetaka kinga ya kudumu zaidi aache linsidi, akorogee gundi ya epoksi ya makopo mawili na kuupaka unyayo mkavu mara mbili. Kisha weka kigae au jiwe bapa chini ya kila mguu ili nyasi zisiukumbatie. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka kwenye nguzo za uzio, haifai kwa kitu kitakachokaliwa, kwani huchafua nguo na ina sumu usizotaka mtoto azishike.

Sehemu nyingine zinahitaji kidogo tu. Mtiki ukiachwa nje bila kitu utageuka kijivu, na kijivu hicho si ugonjwa; anayetaka rangi ya asali apake mafuta mara moja kwa mwaka mwezi Februari kabla ya masika, asipake vanishi nene, ambayo jua la kwetu huibambua kama ngozi ya nyanya. Ukoga wa kijani hutoka kwa maji ya sabuni na brashi laini, ukifuata nyuzi za mti. Usipeleke samani kwa vijana wa kuosha magari, kwani maji ya presha huchimba sehemu laini za mbao na kuacha mifereji.

Limebaki suala la Desemba. Bei ninayotajiwa Februari na ninayotajiwa Desemba kwa benchi lilelile, karakana ileile, hutofautiana kwa theluthi nzima, na la kuudhi zaidi ni kwamba benchi la Desemba ndilo bovu. Oda zinapojaa, mbao iliyopasuliwa juzi huingia kazini ikiwa mbichi, hupigwa vanishi unyevu ukiwa ndani, na ifikapo Machi viungo vimelegea kwa sababu ubao umesinyaa baada ya kufungwa. Muuzaji wa lile benchi langu alipotakiwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, alisema mashine imeharibika, akaongeza kwamba nikitaka risiti bei itapanda, maneno mawili ambayo hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, nami kwa haraka ya wageni nikanyamaza nikalipa. Miezi kumi na saba baadaye sikuwa na karatasi ya kumwonyesha, na yeye hakulikumbuka benchi wala mimi.

Viti vinne nilivyonavyo sasa ni vya mtiki, niliviagiza Februari kwa fundi mwingine, na miguu niliichovya mwenyewe mbele yake, kwenye makopo manne ya maziwa ya unga niliyokwenda nayo. Vimepitia masika mbili na unyayo bado unakataa tone la maji. Fundi alitazama kazi hiyo kwa makini kuliko nilivyodhani, kwani nilipompelekea jirani yangu mwaka huu tulikuta ameiweka kwenye orodha ya bei: miguu ya kuchovya, shilingi 10,000 kila kiti. Nilipomkumbusha alikojifunzia alicheka sana, akamtoza jirani yangu vilevile.