TAHADHARI: "Msafisha CRB" wa Mwembe Tayari

Jamani wenzangu wa Mombasa, hasa mliowahi kuchelewesha mkopo wa simu, someni hii kabla hamjampa mtu kitambulisho.

Mwezi uliopita sacco ilininyima mkopo wa kuongeza mzigo wa mitumba, ikaniambia jina langu liko CRB, yaani kwenye kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu na jinsi wanavyoilipa. Mwenzangu wa Kongowea akanielekeza kwa kijana mwenye meza Mwembe Tayari, bango lake limeandikwa kwa kalamu nyekundu: "CRB, saa 24". Akataka shilingi 3,500. Alipiga picha kitambulisho mbele na nyuma, akanipiga picha na mimi nimekishika kifuani. Kisha akaomba simu yangu "dakika moja tu, mama". Ujumbe ukaingia wenye namba sita. Akausoma, akaufuta. Nilimwona akiufuta, nikanyamaza, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Siku ya tatu nikaanza kudaiwa mikopo miwili nisiyoijua.

Yule kijana hana njia yoyote ya kulifuta jina lako. Taarifa hizo hutunzwa na kampuni zenye leseni ya Benki Kuu, kama TransUnion, Metropol na Creditinfo. Anayeruhusiwa kuziangalia ni benki, sacco au mkopeshaji mwingine anayekubalika kisheria, tena kwa sababu ya msingi, kama vile umemwomba mkopo. Mtu mwingine, hata mwajiri, ni hadi wewe uridhie. Na wewe mwenyewe una haki ya kuipata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Bure, jamani! Mimi nililipa 3,500 bila hata kuiona.

Deni la kweli halisafishwi. Ukilipa, aliyekukopesha ndiye hupeleka habari kwamba umemaliza, na rekodi ya kuchelewa huweza kubaki hadi miaka 5 baada ya kulipa. Kama kuna kosa, unaandika malalamiko kwa kampuni yenyewe na wanalazimika kulichunguza.

Nimeshaandikisha OB (kitabu cha matukio) polisi, nimewaandikia wakopeshaji wote wawili kwamba mikopo si yangu, na malalamiko nimeyapeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019.

Kama naye alikupiga picha, badilisha PIN leo hii na uombe ripoti yako uone nani amekopa kwa jina lako. Jana nilipita pale. Meza ipo, amekaa mtu mwingine anayesema hamjui, lakini bango ni lile lile.