Hankook Ventus RS4 kwenye Subaru STI: tairi la kwenda Athi River na kurudi Kampala

Kama una gari la kasi hapa Uganda na unataka kulikimbiza kwenye lami ya uwanja wa mbio, kisha Jumatatu uende nalo kazini, tairi ninalolipendekeza ni Hankook Ventus RS4. Nimelitumia kwenye Impreza WRX STI yangu ya 2011, ile ya milango mitano, saizi 245/40R18, magurudumu yote manne, mpaka meno ya mbele yakakaribia kwisha. Si tairi lenye kasi kuliko yote. Wenzangu wa Subaru hapa Kampala hunishangaa kwa hilo, kwa hiyo nitaanza na sababu.

Mimi ni mtu wa Bombo. Kwetu mashindano ya magari maana yake ni murram. Busiika si mbali, na mtu yeyote aliyekulia upande ule anajua vumbi jekundu, mawe yanayoruka na matairi ya rali yenye meno makubwa. Naipenda rali, na Pearl of Africa ikifika siachi kwenda kusimama porini na wengine. Lakini gari langu nimelitengeneza kwa ajili ya lami, na lami ya uwanja naifuata Kenya, Whistling Morans kule Athi River. Ni safari ya karibu kilomita 700 kwenda: Jinja, Busia, Kisumu, Nakuru, Nairobi, halafu mbele kidogo. Njiani kuna malori, matuta yasiyo na rangi, mashimo, na mvua inayokupokea Mabira bila kuaga. Kuna watu wanaobeba seti ya pili ya magurudumu ndani ya gari, na kwenye STI ya milango mitano yanaingia ukilaza viti. Mimi husafiri na mdogo wangu na mizigo yake, kwa hiyo tairi ninalokimbilia uwanjani ndilo linalonifikisha na kunirudisha.

Sasa tuje kwenye ile namba ambayo wauzaji wanaipenda sana. Ubavuni mwa tairi pamechongwa TREADWEAR na tarakimu, yaani namba ya uchakavu: ikiwa kubwa, tairi linatarajiwa kudumu zaidi. Tairi la kawaida la gari la familia mara nyingi lina 400 au zaidi. Michelin Pilot Sport 4S lina 300. Pilot Sport Cup 2 lina 180, Toyo Proxes R888R lina 100. RS4, Yokohama Advan A052 na Bridgestone Potenza RE-71RS yote yameandikwa 200. Anayesoma namba tu atasema haya matatu ya mwisho yanalingana, achague lenye bei nafuu aende zake. Hayalingani hata kidogo. Kipimo chenyewe ni cha Marekani: tairi hukimbizwa maili 7,200, kama kilomita 11,600, kwenye barabara za Texas, na uchakavu wake hulinganishwa na tairi la rejea lililopewa 100. Lakini anayeliwekea tairi daraja ni kampuni yenyewe iliyolitengeneza. Tena mashindano mengi ya Marekani ya magari ya barabarani hayaruhusu tairi lenye namba chini ya 200, ndiyo maana kampuni nyingi hulenga 200 hasa. Ndani ya namba hiyo moja mmejaa mipira ya tabia mbalimbali, na tabia ndiyo unayopaswa kununua.

A052 ni laini mno. Linashika lami mapema, karibu tangu mzunguko wa kwanza, na kwa gari jepesi linalotafuta mizunguko miwili mitatu ya haraka ni vigumu kulipata la kulishinda. Lipe gari zito lenye injini iliyokaa mbele ya ekseli, kama STI yenye karibu tani moja na nusu, joto litalizidi baada ya mizunguko michache, na litaisha mapema. RE-71RS liko katika familia hiyohiyo ya kasi. R888R ni nusu-sliki, yaani karibu tairi la mashindano lisilo na meno, ila inaruhusiwa barabarani: linataka joto, lina mifereji michache ya maji, na ngurumo yake kwenye barabara kuu inafahamika. Cup 2 ni tairi zuri sana, lilifungwa kiwandani kwenye magari kama Porsche 911 GT3, na bei yake inalingana na jina hilo.

RS4 linakwenda kinyume. Linachelewa kupata joto, halina ule mshiko wa kukutoa machozi, lakini likishapata joto linabaki vilevile. Na hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Sisi hatuna uwanja wa lami wa kwenda kila wikendi. Siku moja ya Athi River inatafutwa kwa likizo, mafuta, vibali vya gari na usiku wa njiani. Nikifika nataka kujifunza: nichelewe breki kidogo kona ya kubana, nijaribu mstari mwingine, nifungue gesi mapema nitokapo. Tairi likibadilika kila mzunguko, sitajua kama muda umepungua kwa sababu nimeendesha vizuri au umeongezeka kwa sababu mpira umechoka. Tairi lisilobadilika ni mwalimu mwenye sauti moja asubuhi hadi jioni. Sekunde ninazoziacha mezani kwa kutokuchukua tairi laini nazirudisha kwa kuwa dereva bora, na ubora huo siuvui pamoja na matairi yakiisha.

Kuyapata ni kazi. Duka moja la Kampala lilikuwa na seti ya tairi la aina nyingine, saizi yangu, bei ya kuvutia. Nikainama kusoma tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT zilikuwa 1117, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2017. Muuzaji akaniambia, “Nyabo, haya hayajawahi hata kugusa barabara.” Ni kweli hayakugusa, lakini mpira huzeeka ukiwa rafuni, na kwa tairi la uwanjani ambalo thamani yake yote ni ulaini, miaka hiyo si midogo. Nikamshukuru nikaondoka. RS4 niliagiza kupitia Dubai, na hadi yananifikia mkononi yalikuwa yamekula karibu shilingi milioni tano kwa manne. Kabla ya kumaliza salio nilitaka picha ya tarehe ya kila tairi, moja moja. Fanyeni hivyo, jamani, hata kama anayewaagizia ni shemeji yenu.

Fundi wangu wa Ndeeba alihangaika kuyavalisha rimu. Ubavu ni mgumu kweli. Alipolikanyaga lile la kwanza akacheka, “Nyabo, hili hata bila upepo lingebeba gari.” Ugumu huo unausikia kwenye mashimo ya mjini, lakini uwanjani unalipa: ukigeuza usukani gari linageuka papo hapo, halisubiri.

Upepo ndio unaotenganisha anayefurahia tairi hili na anayelilaumu. Wengi hujaza psi 33 au 35 kama mlango wa gari unavyosema, wanaingia uwanjani, na baada ya mizunguko kadhaa gari linaanza kuteleza mbele. Psi ya asubuhi si lengo. Lengo ni psi ya tairi lenye moto. Kwenye gari langu nataka 35 mbele na 34 nyuma baada ya kukimbia, kwa hiyo asubuhi, Athi River ikiwa bado na ubaridi, naanza na 29 mbele na 28 nyuma. Hesabu yake ni nyepesi: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka ndani ya tairi huleta takriban psi moja na nusu. Hewa ikipanda nyuzi 40, umeshapata psi sita ambazo hukuzijaza. Ukitoka uwanjani pima mara moja, tairi likiwa bado linaunguza kiganja, punguza ziada, ndipo uende kutafuta chai. Ukipima baada ya chai umepima kitu kingine. Na jua likipanda, lami ikichemka, pima tena. Usisahau kurudisha upepo wa barabarani kabla ya safari ya nyumbani.

Mizunguko miwili ya kwanza nenda taratibu, gusa breki, pasha. Baadaye usukani unaanza kuwa mzito kidogo mkononi na tairi linaanza kutoa mlio wa chini kabla halijafika mwisho wa mshiko wake. Mlio huo naupenda. Unakuonya mapema, na ukivuka mpaka gari halikurukii, linateleza polepole hadi upunguze gesi. Mchana kweupe, wakati magari mengine yanapumzika kwa joto, langu liliendelea kutoa muda uleule karibu na wa asubuhi.

Kitu kinachoua matairi ya STI ni bega la nje la mbele. Uzito uko mbele, na gari likitoka kiwandani magurudumu yamesimama karibu wima, kwa hiyo kwenye kona tairi linakunjamana kuelekea nje na kusagika upande mmoja. Dawa yake ni kemba, yaani mwinamo wa gurudumu. Nimefunga sahani za kurekebisha juu ya shokabu na kuinamisha magurudumu ya mbele digrii 2.5 kwa ndani. Kama huna hakika unahitaji kiasi gani, paka chaki begani kabla ya kuingia. Ubavuni kuna alama ndogo ya pembetatu. Chaki ikifutika hadi kuipita, tairi linakunjika mno, ama kwa upepo mdogo ama kwa kemba haba. Chaki ni ya shilingi mia chache. Tairi moja ni zaidi ya milioni.

Jambo la pembeni, lakini nalisema kwa uzito: tairi likishika zaidi, kila kitu kingine kinafanya kazi zaidi. Breki zinachemka, na kwenye kona ndefu mafuta ya injini yanakimbilia upande mmoja wa sampo, lile bakuli la mafuta chini ya injini. Injini ya EJ, iliyomo kwenye STI hii, haivumilii kukosa mafuta hata kidogo. Angalia kijiti cha mafuta kila ukitoka, na usiingie uwanjani kikiwa chini ya alama ya juu.

Barabarani ni tairi la kuishi nalo. Kwenye Entebbe Expressway, kwa kilomita 100 kwa saa, unasikia mvumo, lakini unaongea na aliye pembeni bila kupaza sauti. Kwenye lami iliyolowa tu, mifereji inatosha. Maji yaliyotuama ni habari nyingine, hasa meno yakishapungua, kama ilivyo kwa tairi lolote la aina hii. Mabira nikikuta mvua kubwa nashuka hadi 60 na kuwaacha wenye haraka wapite.

Nani asilinunue? Mwenye Toyota 86 au gari lingine jepesi anayetaka mzunguko mmoja wa kuvunja rekodi atafurahi zaidi na A052, kwa sababu gari lake halina uzito wa kulipasha RS4 haraka. Anayetaka gari la kasi la mjini bila mpango wa uwanja achukue Pilot Sport 4S: ni tulivu zaidi na kwenye mvua ya Kampala ni salama zaidi.

Na kwa wenye Subaru: nunueni manne kwa mpigo. Mfumo wetu wa kuendesha magurudumu yote haupendi matairi mawili mapya na mawili yaliyochakaa, kwa kuwa tofauti ya mzingo inafanya difu ya katikati isugue muda wote. Mimi nikirudi kutoka uwanjani, kazi ya kwanza pale Ndeeba ni kuhamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, upande uleule, nikipima kina cha meno ndani, katikati na nje, na kukiandika kwenye daftari linalokaa ndani ya gari.