Gari la mtumba kwa mnunuzi wa Kigoma: lipi la kwanza na lipi la mwisho, tukiyapima kwa miito ya marekebisho

Gari langu la kwanza la mtumba lilikuwa na sifa moja niliyojivunia: taa nyekundu ya eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka kumkinga mtu wakati wa ajali, haikuwahi kuwaka kwenye dashibodi hata siku moja. Fundi umeme mmoja wa Mwanga, aliyekuwa amekuja kuangalia alternata, alifungua swichi bila kupiga stata, akahesabu taa kwa kidole, kisha akasema, "Mzee, hapa imepungua moja." Tulipofungua dashibodi tulikuta balbu ya taa hiyo imezibwa kwa kipande cha selotepu nyeusi kilichokatwa vizuri kabisa. Taa ya eabegi inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kila swichi inapofunguliwa, kisha ijizimie yenyewe; isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyekutangulia akaificha.

Tangu siku hiyo, ndugu au jirani akiniomba nimsaidie kuchagua gari, jambo la kwanza ninalouliza si rangi wala kilomita bali namba ya chesisi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kama gari hilo liliwahi kuitwa na kiwanda kurekebishwa na kama kweli lilipelekwa. Kampuni inapogundua kasoro inayohatarisha maisha huyaita magari husika na kuyarekebisha bila malipo. Tatizo ni kwamba barua ya wito hutumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa Japani, na gari likishafutwa kwenye usajili wa huko na kupakiwa melini, barua hiyo haina njia ya kufika Ujiji wala Kasulu.

Wengi wetu hudhani kwamba kampuni inayoita magari mara nyingi ndiyo yenye magari mabovu. Dhana hiyo ni ya haraka mno. Mwaka 2000 Mitsubishi ilikiri kwamba tangu 1977 ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja na kurekebisha magari kimyakimya badala ya kuiarifu serikali ya Japani, kwa hiyo uchache wa miito yake katika miaka hiyo haukuwa na uhusiano wowote na ubora. Januari 2002, huko Yokohama, gurudumu lilichomoka kwenye lori la Fuso, la Mitsubishi hiyo hiyo, jina ambalo huku kwetu limekuwa karibu jina la kila lori la kati, likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake. Kwa muda mrefu kampuni ilisema wenye malori hawayatunzi. Mwaka 2004 ikakubali kwamba kasoro ilikuwa kwenye habu yenyewe, yaani kitovu kinachoshikilia gurudumu. Kwa hiyo kinachopima kiwanda ni muda unaopita tangu kasoro ijulikane hadi wito utolewe, na kama dawa iliyotolewa mara ya kwanza ilitosha.

Pia kuna kasoro isiyo ya kiwanda kimoja. Eabegi za Takata, kampuni ya Japani iliyoziuzia viwanda vya magari, zilitumiwa na Toyota, Honda, Nissan, Subaru na wengine wengi, na kemikali inayozifumua, nitrati ya amonia, huharibika taratibu kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hata siku ya ajali kopo lake hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva au abiria. Takata ilifilisika mwaka 2017. Wamarekani waliyapa kipaumbele magari ya majimbo yenye joto na unyevu, kama Florida. Nasi tunaoegesha magari juani Kibirizi, mvua za masika zikiwa zimeloweka kila kitu, hatuna sababu ya kujiona tuko salama zaidi yao. Japani nayo, kuanzia Mei 2018, ilianza kuyanyima ukaguzi wa lazima magari yenye eabegi za hatari ambazo hazijabadilishwa. Ndiyo maana gari lililopita ukaguzi huo baada ya tarehe hiyo naliamini zaidi kuliko lililokaa yadi ya mnada tangu 2016, hata likiwa na kilomita chache.

Sasa nipange, nikimfikiria mnunuzi wa Kigoma mwenye familia, ambaye wakala rasmi wa karibu yuko mbali na anayemtegemea fundi wa mtaani.

Nafasi ya kwanza naipa Toyota IST ya toleo la pili, iliyoanza mwaka 2007, pamoja na ndugu yake Vitz. Magari haya yamo katika wito mkubwa wa mwaka 2012, ambapo Toyota iliita magari milioni 7.43 duniani kwa sababu ya swichi ya vioo vya umeme upande wa dereva: grisi haikupakwa sawasawa, swichi ikawa inakwaruza. Ni kasoro ndogo inayokuwa kubwa kwa ujanja wetu, kwa sababu swichi ikianza kukwama fundi huinyunyizia mafuta ya kulainisha, na Toyota yenyewe ilionya kwamba mafuta ya dukani yanaweza kuifanya iyeyuke na kutoa moshi. Ukikuta swichi nzito, badilisha swichi nzima. Spea zake zipo na mafundi wanazijua. Eabegi ndiyo isiyo na mjadala: wito wa Takata wa mwaka 2015 ulizigusa Vitz na Corolla, kwa hiyo bila uthibitisho kwamba imebadilishwa, gari hilo linashuka mpaka mkiani mwa orodha hii.

Ya pili ni RAV4 ya toleo la tatu, ile inayoitwa mtaani Miss Tanzania, na naiweka juu hasa kwa barabara ya kwenda Uvinza na Nguruka. Februari 2016 Toyota iliita magari milioni 2.87, RAV4 na Vanguard, kwa sababu katika ajali kubwa fremu ya chuma ya kiti cha nyuma ingeweza kuukata mkanda wa abiria. Dawa ilikuwa kifuniko cha plastiki ngumu juu ya fremu hiyo. Huko nyuma ndiko wanakokaa watoto, kwa hiyo mwulize muuzaji jambo hili kwa jina. RAV4 ya kabla yake, Kilitime, ni ngumu na inapendwa, lakini za mwaka 2004 na 2005 ziliguswa na wito wa Takata, na umri wake sasa unazidi kuipa kemikali ile nafasi.

Nissan X-Trail ya zamani na Subaru Forester ya 2008 hadi 2012 ziko katikati. Nazo zimo kwenye orodha ya Takata, na sina la ziada la kuzilaumu isipokuwa spea zake, ambazo hapa mjini huzipati kwa urahisi wa spea za Toyota.

Ya mwisho ni Honda Fit ya mseto, yaani ya petroli na umeme pamoja, ya mwishoni mwa 2013. Katika muda wa mwaka mmoja hivi iliitwa mara tano, na giaboksi yake ya klachi mbili pamoja na programu inayoiendesha vilikuwa kiini cha usumbufu, mpaka wakuu wa Honda wakakatwa sehemu ya mishahara. Hapa miito mingi inasema kitu, kwa sababu gari lilirudi na kurudi kwa tatizo la familia moja: lilitolewa sokoni kabla halijaiva. Lile lililopata marekebisho yote halina neno, lakini ukipewa ambalo halikuyapata, hapa hakuna wa kukuwekea programu mpya. Fit ya petroli ni habari nyingine, nayo ningeiweka karibu na X-Trail.

Kwa gari la Japani lolote kati ya haya, usitegemee tovuti ya Marekani ya kutafutia miito, kwa kuwa namba zake za chesisi ni fupi kuliko zile za herufi na tarakimu 17 ambazo tovuti hiyo inazitaka. Toyota, Honda na Nissan zina kurasa zao za Japani ambapo unaandika namba na kuona miito iliyobaki. Lugha ni Kijapani, lakini simu yako inaitafsiri vya kutosha. Fungua pia mlango wa dereva uangalie nguzo yake, kwa sababu huko Japani gari lililorekebishwa hubandikwa stika ndogo yenye namba ya wito. Muuzaji anayekutumia picha 20 za bodi inayong'aa lakini akasita kukutumia picha moja ya kibati cha chesisi, mwambie asante, uendelee na mwingine kabla hujalipa hata arubuni.