Mafuta ya ndevu yenye harufu nzuri: kipi ununue kwanza Darajani, na kipi ukiache mezani

Wiki ya mwisho ya Ramadhani, ukipita Darajani, sokoni Unguja mjini, baada ya alasiri, utakuta meza zimejaa vichupa: vya mafuta mazuri (manukato ya mafuta), vya habasoda, na siku hizi vya mafuta ya ndevu yenye picha ya mwanamme wa Kizungu na ndevu zake za rangi ya asali. Vijana wanaulizia, na wazee nao wanaulizia kwa sauti ya chini. Nimefuga ndevu miaka kumi na moja, kwanza Wete na sasa Unguja mjini, na karibu kila aina iliyopita pale mezani nimeinunua. Naandika kwa mpangilio ule ule ambao ningemwambia mdogo wangu: anunue nini kwanza, nini baadaye, na kipi ningemnyang'anya mkononi.

Vipimo vyangu ni viwili. Cha kwanza ni pua. Ndevu ziko chini yake, na kila pumzi unayovuta imepita hapo, kwa hiyo harufu inayopendeza kwenye kanzu inaweza kukuumiza kichwa ikiwa kidevuni. Cha pili ni udhu. Mara tano kwa siku ndevu zinapata maji, na mwenye ndevu nyingi huzipitisha vidole maji yaingie ndani. Mafuta mengi yanayotoka nje yametengenezwa kwa mtu wa nchi ya baridi kavu, anayeosha uso asubuhi na kutoka. Hapa hewa yenyewe ina unyevu, jua linachoma, na anayeshinda baharini hurudi na chumvi mpaka kwenye nyusi. Kwetu mafuta mepesi, kidogo asubuhi na kidogo usiku, yanayashinda mafuta mazito ya kupakwa mara moja.

Nafasi ya kwanza: mafuta peke yake, harufu peke yake

Nunua chupa mbili. Moja ya mafuta yasiyotiwa manukato, nyingine ya mafuta mazuri. Changanya mwenyewe kiganjani. Ukifanya hivi unajua unachopaka, unabadilisha harufu siku ukitaka, na atakayekwenda Hija au Umra ana mafuta yake yasiyo na manukato ya kutumia akiwa katika ihramu, wakati ambao manukato hayaruhusiwi.

Kwa mafuta yenyewe naanza na ya nazi, kwa sababu yapo kila mtaa na ukiyajua huwezi kudanganywa. Mafuta safi ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi. Asubuhi za kipupwe, Julai na Agosti, chupa yangu dirishani huwa na mawingu meupe, na hiyo ni dalili njema. Miezi mingine omba nafasi kwenye friji ya jirani: yakiwa safi yataganda yote, meupe, magumu. Yakibaki nusu yanacheza ndani ya chupa, yametiwa mafuta ya kupikia. Kisha tia matone machache kwenye kikaango cha moto. Yakipasukapasuka kuna maji ndani, maana yake tui halikupikwa likaiva sawasawa, na mafuta hayo yatachacha upesi. Harufu ya mafuta yaliyochacha haifichwi na manukato yoyote. Udi ukiwekwa juu yake unazidi kuyatangaza.

Mwenye ngozi inayotoa chunusi asipake nazi mpaka kwenye ngozi, maana kwa baadhi ya watu huziba vitundu. Huyo achukue mafuta ya lozi. Ni mepesi zaidi na bei yake iko juu kidogo.

Sasa harufu. Hapa ndipo pesa zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Muuzaji mmoja wa pale alinikuta nanusa kifuniko baada ya kifuniko, akanishika mkono. "Yakhe, kifuniko hakikwambii kitu. Tia mkononi, kazunguke, urudi baada ya adhuhuri." Alinitilia halwaridi (mafuta ya waridi) mkono wa kulia na haludi (mafuta ya udi) wa kushoto, nikenda zangu Mlandege kutafuta kitambaa. Halwaridi ile ilikuwa tamu sana mwanzo, lakini nilipokuwa narudi ilikuwa imebaki sabuni tu. Haludi mwanzo ilinuka kama ngozi mbichi, karibu niifute, na saa mbili baadaye ilikuwa imetulia, imekuwa kama kanzu iliyofukizwa jana. Nilinunua haludi. Tangu siku ile sinunui mafuta mazuri kabla hayajakaa mwilini mwangu saa moja au zaidi.

Sababu yake si siri. Harufu nyepesi kama za ndimu na mchaichai huruka mwanzo, maua hufuata, na zile nzito za udi, miski na sandali ndizo zinazobaki. Katika joto letu mwendo huo unakuwa wa haraka zaidi. Kwa hiyo kwa ndevu chagua kwa kile kinachobaki, si kinachokuja kwanza.

Usitegemee kupata haludi halisi kwa bei ya chini. Udi hutokana na mti wa jamii ya Aquilaria, wa Asia ya kusini na kusini mashariki, ambao ukishambuliwa na ukungu hujaza utomvu mweusi ndani ya gogo. Si kila mti unaupata, na tangu mkutano wa 2004 wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, biashara ya jamii nzima ya miti hiyo imewekwa chini ya udhibiti. Kinachouzwa kwa bei ya kawaida ni harufu ya kutengenezwa, na hakuna ubaya muuzaji akisema hivyo wazi. Anayeapa kuwa ni safi kutoka msituni huku anakupunguzia bei mara tatu, mwache na kiapo chake. Nunua robo tola kwanza. Tola moja ni gramu 11.66, kwa hiyo robo yake ni karibu gramu 3, nayo kwa ndevu inakaa sana.

Asumini na langilangi nazipenda, na langilangi ni letu, limejaa Pemba. Lakini kwetu harufu hiyo ni ya chumba cha bi harusi, na mwanamme akiingia nayo msikitini watu watageuka. Halwaridi, miski, sandali na udi hazina neno.

Kipimo: ndevu fupi, matone mawili au matatu ya mafuta. Ndevu zinazojaa ngumi, matano. Tone moja tu la mafuta mazuri, lisuguliwe viganjani pamoja na mafuta, kisha lipakwe kwenye nywele za nje, lisipelekwe kwenye ngozi.

Nafasi ya pili: mafuta ya ndevu ya kiwandani

Yanafaa kwa msafiri na kwa asiyetaka kazi ya kuchanganya. Tafuta yaliyoandikwa jojoba mwanzoni mwa orodha. Jojoba kwa hakika ni nta ya majimaji, inafanana sana na mafuta yanayotolewa na ngozi yetu wenyewe, na haichachi upesi hata kwenye chumba cha joto. Orodha hupangwa kwa wingi, kwa hiyo chupa yenye jojoba kubwa usoni na mwishoni kabisa kwenye orodha ndogo nyuma ni chupa ya kitu kingine. Neno *parfum*, yaani manukato, likiwa la pili au la tatu, iache. Angalia tarehe ya mwisho, na angalia kama chupa imefifia rangi upande mmoja kwa kuanikwa juani. Vipodozi hapa viko chini ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na muuzaji wa duka la kweli haoni vibaya ukimuuliza kama bidhaa imesajiliwa.

Na zile zinazoahidi kuotesha ndevu? Mafuta hulainisha, hung'arisha, huondoa mwasho. Hayaoteshi nywele mahali pasipo na shina. Ukiona minoksidili kwenye orodha, hiyo ni dawa, iulizie kwa mfamasia, na kama nyumbani una paka jua kuwa ni sumu kwao hata kwa kulamba.

Nafasi ya tatu: mafuta ya mgando yenye nta

Yanazishika ndevu ndefu zisitawanyike, na anayeendesha bodaboda kutwa atayaona faida yake. Mimi nimeyashusha kwa sababu ya udhu: nta ikiwa nyingi maji huteleza juu ya nywele kama juu ya jani la mgomba. Kwa arusi au safari, sawa. Kwa kila siku, hapana.

Habasoda na mafuta ya nyonyo ningeyaweka ya nne. Habasoda ina harufu yake kali ambayo hupigana na kila manukato, na nyonyo ni zito kama asali. Ukiyapenda, sehemu moja kwa nne za mafuta mepesi.

Karafuu

Karafuu naitenga, kwa sababu ndiyo kila mtu anayoitaka na ndiyo inayoumiza watu. Nimekulia nyumba ambayo msimu ukifika usiku kucha ni kuchambua, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule, na vidole vinanukia mpaka asubuhi. Kwangu hakuna harufu iliyo karibu zaidi na nyumbani. Na makonyo hayatupwi: kiwanda cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kule Wawi, Chake Chake, huyakamua mafuta kwa mvuke.

Asubuhi moja ya Idd, ndevu zangu zikiwa bado changa, nilimimina mafuta ya karafuu matupu kiganjani nikayapaka. Kwanza baridi, kisha ganzi, kisha moto. Nilisali Idd na kidevu kimevimba chekundu, na ngozi ilibambuka siku nne. Ami yangu, kinyozi wa miaka mingi, alinikanda kwa mafuta ya nazi akaniambia: "Mwanangu, hii huwekwa kwenye jino. Kwenye uso huwekwa harufu yake tu."

Alikuwa sahihi. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, ile ile inayotia ganzi kwa daktari wa meno, na kipimo cha salama kwa ngozi ni karibu nusu ya asilimia moja. Kwa chupa ya mililita 30 ya mafuta mepesi hayo ni matone 3. Matatu, usizidishe. Na kabla ya kununua, omba glasi ya maji udondoshee tone: mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, huzama. Yakielea yamechanganywa. Nunua ya chupa ya kioo cheusi, maana baadhi ya plastiki hulainishwa nayo.

Vya kuacha

Manukato ya kupuliza yenye spiriti. Hukausha nywele na kuchoma ngozi iliyonyolewa, na kwenye ndevu hayadumu. Yaweke kwa nguo. Baada ya wembe shingoni, kipande cha shabu kilichoroweshwa maji kinatosha.

Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa kwenye maganda, ukitoka nayo juani, yanaweza kuacha mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi.

Na piko. Nasema kwa wazee wanaoficha mvi. Hina ya kweli hutoa rangi ya chungwa mpaka ya kahawia, haitoi nyeusi. Piko nyeusi mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na mwili ukishaikataa mara moja utaikataa maisha yote, kwa malengelenge na uvimbe mpaka macho yafumbe. Ukiwa huna budi, tia kidogo nyuma ya sikio, ngoja saa 48. Ikiwasha, mvi zako ni nzuri kama zilivyo, zipake halwaridi.

Kuhusu ukubwa wa chupa: matone matano asubuhi na matano usiku ni karibu nusu mililita kwa siku, kwa hiyo mililita 30 ni miezi miwili. Ya lozi usinunue zaidi ya hapo kwa mara moja, na isikae kwenye dirisha la bafuni.