Wingu lilipolala, huduma ya setilaiti iliniambia nyanya zangu zimeshiba maji

Huu ni msimu wangu wa pili kulipia huduma ya simu inayokadiria, kwa joto la shamba linalopimwa na setilaiti, maji yanayopotea kama mvuke kutoka kwenye udongo na majani ya nyanya zangu, huku tambarare ya kusini mwa Moshi. Naandika hasira ikiwa haijapoa.

Msingi wake ni wa kweli: mmea unaokunywa vizuri hupoa kama mtu anayetoka jasho, na wenye kiu hupata joto. Wakati wa kiangazi ilinionyesha mkia wa shamba una joto kuliko kichwa; nikaufuata mfereji, nikakuta umebomoka kwa jirani. Niliisifia kwa kila mtu.

Kikaja kipupwe. Tunaoishi chini ya Kilimanjaro tunakijua: wingu hulala asubuhi, mvua hainyeshi, nazo Landsat 8 na 9, setilaiti za Marekani zinazopima joto hilo, ambazo kwa pamoja hurudi kila baada ya siku 8, hupita mnamo saa nne asubuhi wingu likiwa halijanyanyuka. Miale ya joto ya ardhini haipenyi wingu zito. Kinachopimwa ni baridi ya mgongo wake, na wingu jembamba lisipotambuliwa, programu huichukulia baridi hiyo kuwa ya shamba lenye maji tele. Simu yangu ikawa kijani siku baada ya siku: usimwagilie. Nilichimba kwa jembe hadi kwenye mizizi, nikaufumbata udongo, na nilipofungua kiganja ulimwagika kama unga. Baadaye matunda yakaanza kuoza kitako.

Nilipiga simu kuuliza kama namba zile zilipimwa au zilijazwa kwa kukadiria siku za wingu. Kijana aliyepokea, bila hata shikamoo, akanijibu, "Mama, setilaiti haikosei, labda hukuchimba pazuri." Mimi, niliyelima hapa tangu kabla hajazaliwa!

Kujaza si kosa. Unaweza kuchukua, kwa siku ya mwisho yenye anga safi, uwiano kati ya maji yaliyopotea shambani na yale ambayo hali ya hewa ya siku hiyo ingeweza kuyavukiza, ukauzidisha kwa makadirio ya kila siku ya uvukizaji huo kutoka kituo cha hali ya hewa. Lakini mkulima aambiwe kwamba hiyo ni kadirio, na kwamba siku ya mwisho ya anga safi ilikuwa wiki tatu zilizopita.

Nilikuwa nimeamua kuwashauri wenzangu wasiilipie kabisa. Hata hivyo, bila huduma hii nisingeujua ule mfereji. Basi kiangazi ilipieni, kipupwe shikeni jembe. Mimi mwenyewe sitalipa hata shilingi mpaka yule kijana aniombe radhi.