Nilivyoenda kuviona vyuo Dar kwa macho yangu kabla ya kuomba (Mlimani, Ardhi na kimoja sitakitaja)

Habari zenu jamani. Naandika hii kwa wenzangu ambao dirisha la kuomba vyuo likifunguliwa wanachagua kwa kusikia sikia tu, mana mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, mtu akisema chuo fulani kizuri naandika kwenye daftari, kesho mwingine akisema kibaya nakata. Nilimaliza form six nikaenda JKT nikarudi nikakaa nyumbani Makambako mwaka mzima namsaidia mama kwenye genge lake la viazi, hela ya kuanzia chuo haikuwepo. Mwaka huu ikapatikana kidogo, mama akasema kabla hujajaza fomu yoyote nenda ukaone, hata mbuzi wa sikukuu watu wanamshika mbavu kwanza ndo wanatoa hela.

Mama aliishia la saba lakini akanipa na mtihani kabisa. Akasema ukifika usisikilize sana wanachokwambia, nenda chooni, fungua bomba uone kama maji yanatoka, alafu kaa mahali uangalie watoto wa watu wakitoka darasani wakoje. Nilicheka. Sikujua kama ndo ushauri pekee utakaonisaidia safari nzima.

Nilianzia kwenye maonesho ya vyuo pale viwanja vya Mnazi Mmoja, yale wanayoandaa TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, mwezi wa saba. Kwa mtu wa mkoani ni kitu kizuri, masaa matatu tu umeonana na vyuo ambavyo ungevifuata kwa nauli hadi uuze kiwanja. Nikarudi kwa shangazi Kimara na mfuko wa vipeperushi, kalamu nne na kofia moja. Ila niseme ukweli, kwenye mabanda vyuo vyote vinafanana. Wote wana tisheti mpya, wote wanakuita "karibu mwanachuo mtarajiwa", na kila kipeperushi kina picha ya mdada kavaa koti jeupe anachungulia hadubini, hata kile cha chuo kinachofundisha biashara tupu. Cha maana nilichoondoka nacho ni kitabu cha mwongozo cha TCU, kipo bure kwenye tovuti yao, kimeandika kila kozi inataka ufaulu gani na iko chuo gani. Kile ukikisoma vizuri nusu ya maneno ya mabandani unayapunguza mwenyewe.

Jumatano yake ndo nikaenda Mlimani, yani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Nina binamu yangu pale mwaka wa pili, nilitegemea atanizungusha, kumbe UE, mitihani ya mwisho wa muhula, zinakaribia hana muda hata wa kuchana nywele. Kanipokea getini akaniambia "mdogo wangu we tembea tu, saa saba tukutane kafteria, ukipotea uliza Utawala uko wapi". Akaondoka. Nilinuna kidogo lakini sa hivi namshukuru, mana angenizungusha yeye ningeona anachotaka yeye nione.

Kwanza mjue pale ni mlimani kweli, jina sio pambo. Nilitoka Makambako na baridi la mwezi wa saba, nimevaa sweta, mpaka nafika juu sweta liko kiunoni. Ni pakubwa, yani sio chuo ni mji, kuna barabara na vituo vya daladala humo humo ndani, kuna benki, na miti mikubwa mpaka unasahau kwamba Ubungo na zile foleni ziko hapo chini tu. Hata lile duka kubwa la Mlimani City limejengwa kwenye ardhi ya chuo. Msije na viatu vya kuchuchumia jamani, niliona dada mmoja mgeni kama mimi kavivua kavishika mkononi.

Sasa nilipofika Nkrumah Hall nikasimama. Lile paa lililopinda kama kitambaa umekishika pembe mbili nilikuwa nalijua ila sikumbuki wapi, nimekaa pale nawaza mpaka ikanijia: noti ya jero! Ile ya zamani ya mia tano, ya karatasi, yenye Karume mbele, kabla haijaja sarafu 2014. Nyuma yake kulikuwa na jengo, na jengo ndo hili. Nilikuwa mdogo nakaa gengeni na mama, kazi yangu ilikuwa kunyoosha zile jero zilizokunjamana na kuzipanga kwenye kopo la Blue Band, kwaiyo hii nyumba nimeishika mikononi maelfu ya mara bila kujua ni nini. Nikampigia mama hapo hapo. Akaniuliza "na choo umeshaona?"

Basi nikaenda kwenye mtihani wa mama. Niliingia vyoo vya majengo mawili ya madarasa, maji yapo, pasafi pa kawaida ya mahali panapotumika na watu wengi, sio hoteli lakini unaingia na unatoka na heshima yako. Maktaba mpya ile iliyojengwa kwa msaada wa China ikafunguliwa 2018 niliishia mapokezi mana mimi sio mwanafunzi, lakini hata hapo mapokezi nilielewa. Ukimya wake unakufanya ushushe sauti hata ya kupumua. Watu wanaingia na kutoka na mabegi, hakuna anayeangalia mwenzake kavaa nini.

Lakini kama unataka kukijua chuo kaa kwenye kimbweta. Kwa msiojua, vimbweta ni zile meza na viti vya zege vilivyotapakaa chini ya miti, watu wanajisomea hapo, wanakula hapo, wanagombana hapo, wanatongozana hapo. Nilikaa kimoja karibu masaa mawili na chupa yangu ya maji na andazi ambalo nusu yake alikula tumbili (yapo kweli, yanashuka mtini kama yamealikwa, na hayana aibu hata kidogo). Kundi la pembeni yangu walikuwa sita wanapiga msuli wa takwimu, mmoja anaandika kwenye karatasi wenzake wanambishia, anafuta, anaandika tena, kuna kaka mmoja yeye kazi yake ilikuwa kusema "sijaelewa" na kila akisema wanarudia mwanzo bila kumtukana. Hicho ndo kitu kilichonigusa kuliko majengo yote. Advance tulikuwa ukisema hujaelewa unachekwa mpaka bweni zima lijue.

Dada mmoja kati yao akaniuliza natafuta nani, nikamwambia simtafuti mtu nakuja kuangalia chuo, wakacheka sana alafu wakanifungulia moyo. Nikawauliza yale ambayo mabandani huwezi kuuliza. Bumu, yani ile hela ya kujikimu ya mkopo, linatosha? Wakaguna wote kwa pamoja. Mmoja akasema linatosha kama hujui mtu yeyote Dar, ukianza kujua watu halitoshi. Wakaniambia wiki mbili za kwanza baada ya bumu kuingia watu wanakula kuku, wiki za mwisho maharage yanahesabiwa. Na wakaniambia kabla ya kuota kuhusu bumu nijaze vizuri kwanza fomu ya HESLB, yani bodi ya mikopo, mana wapo waliokosa mkopo si kwa sababu wana uwezo ila kwa sababu cheti cha kifo cha mzazi au cha kuzaliwa hakikuhakikiwa. Hilo nililiandika kwa herufi kubwa, baba yangu ni marehemu na kile cheti hata sijui kiko sanduku gani.

Kuhusu kulala wakaniambia kuna hall za zamani, kuna Mabibo ambayo iko nje ya kampasi, na kuna zile hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017, majengo 20 ya kuchukua wanafunzi 3,840. Nilienda kuziona kwa nje, zimepangwa kwa mstari kama kambi, nguo zimeanikwa kila dirisha. Namba inaonekana kubwa lakini chuo chenyewe ni kikubwa pia, kwaiyo wakaniambia usije na akili kwamba chumba ni haki yako, omba mapema na uwe na mpango wa pili. Mpango wa pili kwa wanafunzi wa Dar ni kupanga geto na wenzako, au "kubebana", yani mwenye kitanda anambeba asiye na kitanda. Walivyokuwa wanasimulia habari za kubebana ni vichekesho lakini nilihesabu kimoyomoyo gharama ya godoro.

Na habari ya kudisko, yani kufukuzwa chuo kwa kufeli. Nikauliza ni kweli watu wanarudishwa nyumbani? Yule kaka wa "sijaelewa" akasema "ndo mana nauliza". Nikampenda bure.

Saa saba nikaonana na binamu, tukala wali maharage na mchicha, tukazunguka kidogo. Akanionesha TATAKI, taasisi ya Kiswahili, zamani ikiitwa TUKI, na mimi nikakumbuka kamusi yetu ya shule ile iliyochakaa jalada ilikuwa imeandikwa TUKI. Nilidhani TUKI ni jina la kampuni ya vitabu jamani! Chuo chenyewe cha Mlimani kilianza 1961 mjini mtaa wa Lumumba kikiwa tawi la chuo cha London, kikahamia mlimani baadae, na 1970 ndo kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Museveni kasoma hapo, Kikwete kasoma hapo, Magufuli kasoma hapo, Walter Rodney, yule mwanahistoria, kafundisha hapo. Binamu anayasema haya kama ndugu zake vile, nikamwambia we una sapu (mtihani wa kurudia) moja mwaka jana tulia. Akatulia.

Ardhi ni jirani hapo hapo, nilienda jioni kwa mguu. Sitasema mengi mana nilikaa saa moja tu. Ni chuo kidogo ukilinganisha na jirani yake, 1996 kilikuwa chuo kishiriki cha UDSM, 2007 kikasimama chenyewe. Mimi nimesoma EGM (uchumi, jiografia na hesabu) kwaiyo kozi ya usimamizi wa ardhi na uthamini ilikuwa kwenye daftari langu. Nilichokipenda ni kwamba kila mtu niliyemuuliza anajua anasomea kuwa nani. Ukimuuliza wa uchumi anakwambia "nitaangalia", ukimuuliza wa Ardhi anakwambia mthamini, mpima, mpanga miji. Vijana wamebeba yale marola ya michoro begani kama mabazuka. Maji yapo, choo kiko sawa, mama asiwe na wasi.

Sasa hiki cha tatu. Ni cha binafsi, jina nabaki nalo. Bandani Mnazi Mmoja ndo walikuwa wachangamfu kuliko wote, kipeperushi kinang'aa, hosteli ya kisasa, maabara ya kompyuta, na kaka wa pale akaniambia "wewe na EGM yako hapa ni malkia". Nikaenda Ijumaa. Mlinzi kanikalisha kwenye benchi saa moja na nusu, haya, mgeni ni mgeni. Akaja kaka mwingine kavaa tai, anaongea haraka, kanionesha madarasa matatu matupu, nikauliza wanafunzi wako wapi akasema wako fildi, yani mafunzo kwa vitendo. Wote? Wote. Maabara ya kompyuta imefungwa, ufunguo ana mtu kasafiri. Nilichungulia dirishani nikaona viti vimepandishwa juu ya viti na vumbi limetulia kama limelipa kodi. Hosteli ya kisasa kumbe ni nyumba ya mtu mtaa wa tatu kutoka pale, chuo kina "makubaliano" naye. Nikauliza ada, akataja ndogo kuliko nilivyotegemea, nikafurahi, ila nilipoomba aniandikie kwenye karatasi vikaanza kuja vimichango vingine kimoja kimoja, cha mtihani, cha maktaba, cha usajili, cha tahadhari, sijui tahadhari ya nini, mpaka tunafika chini ile ada ndogo imeshaota matawi.

Nikaomba kwenda chooni. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema "vumilia kidogo dada, maji yanakuja jioni".

Nilitaka kucheka nikakohoa. Na kabla sijaondoka akaniambia nikilipia fomu siku hiyo hiyo napata punguzo, mana nafasi zinaisha. Kwenye chuo ambacho nimehesabu watu wanne ukimtoa mlinzi. Nyumbani nikafungua ule mwongozo wa TCU, kozi aliyonisifia haimo kabisa kwenye jina la chuo chao. Sisemi vyuo binafsi ni vibaya, shangazi ana mwanae kasoma cha binafsi na kazi anayo nzuri tu, nasema ningekuwa nimebaki Makambako na kile kipeperushi ningelipa.

Kwaiyo kwa anayetaka kujua nimechagua nini: namba moja takwimu Mlimani, namba mbili Ardhi uthamini, na namba tatu nataka niende Dodoma nikaione UDOM, chuo kikuu cha huko, mana binamu mwingine anaisifia mpaka nimechoka. Maombi sa hivi unatuma moja kwa moja kwa kila chuo, na kila chuo kina ada yake ya fomu, kwaiyo msijaze vyuo saba kwa mhemko kama nilivyotaka kufanya mimi.

Ushauri mdogo kwa watakaoenda: nendeni siku ya kazi, asubuhi, chuo kikiwa na watu, msiende likizo mkaona miti tu. Bebeni maji na kitambulisho. Andazi fungieni kwenye begi.

Cheti cha kifo cha baba tumekipata, kilikuwa kwenye sanduku la bibi kimekunjwa pamoja na kadi za kliniki. Wiki ijayo naenda kukihakiki RITA, wale wa vyeti vya vizazi na vifo. Mwenye uzoefu naomba aniambie kama inachukua siku ngapi, na kama kuna mtu kakaa Mabibo hosteli miaka hii ya karibuni, vipi usafiri wa asubuhi kwenda mlimani?